Nimeshika kauli yangu neno kwa neno, mbona nimeikosea familia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhasibu wa serikali, nina miaka 31, naishi Ilazo hapa Dodoma, kwetu ni Kongwa. Tangu chuoni nina misimamo miwili ambayo nimeitamka mbele za watu na kuiandika kwenye daftari langu: kwamba binadamu wote wana thamani sawa, ndugu na asiye ndugu, na kwamba nitasema kweli daima. Mwaka huu niliamua kuishi hivyo bila kupindisha. Mdogo wangu wa kike aliniomba laki tisa, ada ya chuo cha uuguzi. Nikapiga hesabu, nikaona fedha hiyo ikinunua vyandarua na dawa za watoto nisiowajua itaokoa watu wengi zaidi, nikaipeleka huko. Kisha shangazi yetu amelazwa hapa mjini. Aliniuliza, "Hivi mvua nitaziona?" Nikamjibu nilichomsikia daktari akimwambia mwenzake: haitegemewi. Siku mbili hakula. Sasa mama hapokei simu yangu, binamu zangu wananiita jiwe, na kila mtu ananikumbusha ng'ombe wawili ambao mjomba aliwauza ili mimi nisome. Nimefanya kile kile nilichosema nitafanya. Nimekosea wapi? Au hii ndiyo gharama ya kuwa na msimamo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Niruhusu nianze na shangazi. Ada inaweza kupatikana mwezi ujao; kwa shangazi sijui una muda gani.

Wewe ni mtoto wa Kongwa, kwa hiyo haya unayajua, ila nadhani siku ile wodini uliyasahau. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu. Zinaanza Desemba, zikichelewa Januari, na ikifika mwisho wa Aprili zimekwisha. Mwanamke aliyelima Ugogo maisha yake yote akiuliza kama ataziona mvua, ndani ya swali hilo mna mambo chungu nzima. Shamba litaberegwa, yaani litasafishwa kabla ya kupanda, na nani? Mbegu ya mtama aliyoitunza juu ya moshi ataichukua nani? Yule mtoto wa jirani anayedaiwa jembe atalirudisha? Na pengine hakuuliza chochote kati ya hayo. Pengine alitaka tu mtu asogeze kiti, akae. Wewe ulisikia sentensi yenye alama ya kuuliza, ukaijibu kama unavyojibu hoja ya mkaguzi.

Ungemuuliza, "Shangazi, una wasiwasi na nini?" usingekuwa umesema uongo hata herufi moja. Msimamo wako ni kusema kweli daima. Haukusema utaeleza kila unachokijua, kwa kila mtu, saa yoyote. Na habari yenyewe haikuwa yako: uliisikia mlangoni, daktari akizungumza na daktari mwenzake. Ulichukua maneno ambayo hukukabidhiwa ukayafikisha kama tarishi.

Lakini binamu zako nao siwaungi mkono. Umeandika, katika sehemu ya barua niliyoifupisha, kwamba wao wanataka aambiwe anarudi nyumbani wiki ijayo. Hapana. Mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kujua hali yake, na wapo wanaotaka kujua ili wapange mambo yao. Aambiwe na daktari anayemtibu, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni, na kwa kiasi anachotaka kukijua siku hiyo. Hiyo nayo ni kweli, ila imefika kwa miguu yake.

Kwa umri wako huenda zile ahadi za mwana-TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, hukuzikariri. Sisi tulizisema kwa sauti hadi zikawa kama wimbo wa mchakamchaka. Mojawapo inasema: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Watu huinukuu nusu ya kwanza. Iangalie yote. Nusu ya pili imewekwa palepale kwa sababu waliotunga walikuwa wanaishi na watu, na walijua kwamba ipo kweli inayosemwa ili kuvunja. Jirani anayekwenda kumweleza mume kila alichokiona sokoni Majengo hasemi uongo, lakini anafanya fitina. Kwa hiyo nusu moja inaibana nyingine. Anayeing'oa ya kwanza na kutembea nayo peke yake anaona anaishika ahadi kwa ukali, kumbe anaishika kipande.

Ugomvi huu si wa kwetu tu. Mwaka 1797 Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Prussia, aliandika kujibu hoja ya Mfaransa Benjamin Constant: muuaji akibisha hodi akuulize rafiki yako amejificha wapi, huna ruhusa ya kumdanganya. Nimefundisha hoja hiyo miaka mingi hapa Dodoma na kila mwaka darasa zima linaguna. Kant hakuwa mjinga. Alihofia kwamba ukifungua mlango mmoja wa uongo wenye faida, kila mtu ataingilia huo. Ila kuna kitu kinaniambia kwamba wanafunzi wanaoguna wameona jambo ambalo yeye alilipita kwa haraka: kanuni ya kusema kweli ilikuwepo ili watu waweze kuaminiana, na yule aliyejificha ghalani ndiye aliyekuamini.

Hapo sasa ndipo ninapotaka tukae. Kauli ya maadili ni jibu. Kuna mtu aliuliza, au kuna uovu ulikuwa unafanyika, na kauli ikatoka kuupinga. Ukilibeba jibu ukaliacha swali lake nyuma, utafika nalo mahali ambapo halijibu kitu, na bado litaonekana limenyooka.

Chukua ule msimamo wako mwingine, kwamba binadamu wote ni sawa. Katika nchi hii ilikuwa inamjibu nani? Ilikuwa inaijibu Tanganyika ya mkoloni, ambako Mzungu alikuwa na shule yake na hospitali yake, Mhindi yake, na Mwafrika yake ya mwisho. Swali lilikuwa: je, yupo mtu ambaye kwa kuzaliwa tu anastahili haki pungufu? Jibu: hayupo. Jibu zuri, na bado tunalihitaji, maana wapo wanaomtukana mtu kwa kabila lake au kwa kuwa aliombaomba barabarani. Lakini swali lako wewe lilikuwa jingine. Uliulizwa: laki tisa hizi, za mtu huyu, mwezi huu, ziende wapi? Ukalijibu kwa jibu la swali la mwaka 1954, TANU ilipoanzishwa.

Thamani ni kitu kimoja, zamu ni kitu kingine. Mdogo wako atakapokuwa muuguzi, kwa sababu naamini atakuwa, ataingia wodini na kupewa vitanda vyake, tuseme namba moja hadi nane. Mgonjwa wa kitanda cha ishirini ana thamani ile ile. Lakini akiviacha vyake nane aende kule kwa kuwa wote ni sawa, na wa kule aje huku kwa sababu hiyo hiyo, hadi asubuhi dawa nusu hazijatolewa. Akimruka mgonjwa wa kitanda cha tatu, haitakuwa kosa kwa sababu huyo ni bora kuliko wa ishirini. Itakuwa kosa kwa sababu zamu ilikuwa yake, na kila mtu alilala akijua hivyo.

Ndugu ni zamu kabla ya kuwa upendeleo. Hilo watu wa Ugogo walilijua kwa njaa. Ile njaa ya mwisho wa vita vya kwanza vya dunia, ambayo wazee wanaiita Mtunya, iliua watu wengi mno, na hata miaka ya kawaida mvua zikikatika Februari familia nzima inabeba vikapu kwenda kuhemea. Unahemea kwa nani? Unakwenda kwa mjomba, kwa shemeji, kwa mtu ambaye baba yako alimpa ng'ombe amtunzie. Haukuwa uonevu dhidi ya wasio ndugu. Ulikuwa mpango wa kuhakikisha kwamba kila mtu ana angalau mlango mmoja ambao hauwezi kusema "kuna wenye shida zaidi yako". Mdogo wako alibisha mlango huo. Na mlango huo, samahani kwa kukukumbusha tena, wewe ulifunguliwa kwa ng'ombe wawili. Mjomba asingeuza ng'ombe kwa mtoto yeyote wa dunia. Aliuza kwa sababu zamu ilikuwa yake.

Usinielewe kwamba watoto wa vyandarua si kitu. Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alitoa hoja mwaka 1972 ambayo bado inaninyima usingizi: ukipita ukamwona mtoto anazama kwenye kidimbwi, utaingia hata kama nguo zako zitaharibika, basi kwa nini mtoto anayekufa mbali, ambaye gharama ya kumwokoa ni ndogo vilevile, umwache? Sijapata jibu la kuitupa hoja hiyo, na wanaoicheka nadhani hawajaisikiliza. Endelea kutoa. Ila angalia mfano wenyewe unasema nini: unatoa nguo zako. Wewe ulitoa ada ya dada yako. Nguo zilizolowa hazikuwa zako.

Wakristo watakumbuka pia habari ya korbani katika Injili ya Marko, mtu anayewaambia wazazi wake kwamba kile ambacho angewasaidia nacho kimekwisha wekwa wakfu. Sadaka ni njema. Yesu aliwakemea Mafarisayo na walimu wa sheria kwa sababu walikuwa wameligeuza neno jema kuwa ukuta.

Nataka nikuambie na jambo la ajabu kuhusu misimamo tunayoitamka. Mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Richard LaPiere, alizunguka nchi yake mwanzoni mwa miaka ya 1930 pamoja na mume na mke Wachina, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kali. Waliingia hoteli na migahawa 251. Walikataliwa mara moja tu. Baadaye akaandikia sehemu hizo hizo barua: je, mtampokea Mchina? Kati ya waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Utafiti huo aliuchapisha mwaka 1934, na kwa kawaida hutajwa kuonyesha kwamba wasemayo watu na watendayo hayalingani. Usome vizuri: tumezoea kudhani watu husema mema na kutenda mabaya, hapa ilikuwa kinyume. Midomo ilisema vibaya, mikono ikafanya vyema. Mtu akisimama mbele yako na mizigo yake, amechoka, unaona mambo ambayo barua haikuyauliza. Ndiyo maana mimi siamini kwamba kilichoandikwa kwenye daftari ndicho "wewe wa kweli" na huruma iliyokubana mdogo wako alipopiga simu ni udhaifu. Ulibanwa, umeandika mwenyewe katika sehemu ile niliyoifupisha. Ukaishinda huruma, ukajipongeza. Huenda huruma ile ilikuwa na taarifa ambayo daftari halina.

Hapa kwetu tuna mfano mkubwa kuliko wa hoteli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, sera ya ujamaa vijijini iliyofuata mwaka huo huo ilitaka watu waishi na kufanya kazi pamoja, na ilisisitiza hiari. Lengo lilikuwa watu wasinyonyane, wapate shule, maji na zahanati. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma, na Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima. Kauli ilikuwa "kuishi pamoja", na kuishi pamoja ni kitu kinachohesabika. Karani anaweza kuandika: kijiji hiki, kaya kadhaa, zimehamia. Udugu hauandikiki kwenye fomu. Mahali pengi nchini nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi, na Mgogo aliyekuwa na tembe lake mbali kwa sababu za maana kabisa, mifugo na mashamba vinahitaji nafasi, akajikuta kwenye mstari. Maofisa wale hawakuwa wote watu wabaya. Wengi walikuwa wanatekeleza kilichotamkwa. Neno lilibaki zima kabisa, ila mtu ambaye neno lilikuwa kwa ajili yake alikuwa amekaa nje na magodoro.

Mimi mwenyewe nimekuwa karani wa aina hiyo. Siku ya kwanza ya muhula mmoja nililiambia darasa: kazi ikichelewa dakika moja, sifuri, nami sibadiliki. Kulikuwa na mchezo wa kusubiri wenzao warudishe kisha kunakili. Binti mmoja akaleta ya kwake amechelewa dakika ishirini, kanga bado ina matapishi ya mtoto aliyemkimbiza hospitali alfajiri. Nikaandika sifuri. Nikajisikia mtu wa haki. Jioni mwenzangu ofisini akaniuliza swali moja tu: "Ile sheria uliiweka kumzuia nani?" Nilipokwenda kurekebisha, alama zilikuwa zimeshapelekwa na dirisha limefungwa. Yule binti alirudia somo. Hajawahi kunisema vibaya, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa sikia upande wa pili, maana naijua kazi yako na naijua nchi yangu. Kuna watu wakisikia maneno haya watafurahi mno. Ni wale wanaosema "sheria usiichukue neno kwa neno, tazama roho yake," na roho yake siku zote inaishia mfukoni mwao. Mtu kachukua masurufu ya safari ya siku nne, kalala mbili, karudi na risiti za nne. Ukimuuliza anakuambia nia ya serikali ni kumwezesha mtumishi. Mwingine anasema hiyo si rushwa, ni asante, ni ya soda. Kwa watu hao, na kwa dawati lako la kazi, mimi ni mkali kuliko Kant. Zipo kauli ambazo faida yake yote iko katika kushikwa neno kwa neno, kwa sababu zilitungwa zikijua kwamba kila mtu atakuja na kisa chake kizuri. "Sitapokea wala kutoa rushwa" ni mojawapo. Risiti ni risiti. Dozi ya dawa ni dozi. Ahadi ya kulipa deni tarehe moja ni tarehe moja.

Utajuaje ipi ni ipi? Sina kipimo kisichokosea. Nina swali ambalo hujiuliza na mara nyingi hunisaidia: nikiilegeza kauli hii, nani anafaidi; na nikiikaza, nani analipa? Ninapoilegeza nikafaidi mimi, najishuku. Lakini ninapoikaza na kinachobaki ni sifa yangu ya kuwa mtu wa msimamo, huku anayelipa ni mgonjwa kitandani au msichana anayekosa muhula, najishuku vilevile, tena zaidi. Mla rushwa walau anajua anakula.

Umeuliza kama hii ndiyo gharama ya msimamo. Gharama ya msimamo huwa inatoka kwako. Hebu soma tena barua yako uone hadi sasa imetoka kwa nani.

Kwa hiyo fanya hivi. Daftari lako usilichane, ongeza safu moja pembeni ya kila msimamo uandike ulikuwa unaujibu uovu gani. Mhasibu anajua kwamba hesabu bila maelezo yake zinaweza kusomwa vibaya na mtu mwaminifu kabisa. Ile fedha ya watoto iendelee kutoka, ila itoke kwenye kile ambacho wewe ungekitumia kwa starehe zako. Ada: piga simu leo kwa mhasibu wa chuo, ni mtu wa fani yako, mtaelewana, uulize kama wanapokea kwa awamu na dirisha linafungwa lini. Mdogo wako umwambie mwenyewe, usipitie kwa mama. Usimpe hotuba ya falsafa. Mwambie ulikosea zamu.

Kwa mama usipige simu tena. Kutoka Dodoma hadi Kongwa si safari ya kusema utajipanga. Nenda Jumapili, ufike mapema, ukute bado anapepeta.

Na kabla ya hapo, Jumamosi, wodini. Muulize muuguzi kama shangazi anaruhusiwa uji wa uwele, na kama anaruhusiwa ubebe kwenye chupa ya chai usipoe. Radhi iwe fupi. Kisha kaa. Akiuliza tena habari ya mvua, muulize shamba analoliwazia ni lile la mlimani au lile la bondeni, na mbegu iko kwa nani.